Kikulacho ki nguoni: uhakiki wa albamu ya Back Stabbers ya The O'Jays

Albamu ya Back Stabbers, ambayo kundi la The O'Jays liliitoa mwezi Agosti mwaka 1972 chini ya kampuni ya Philadelphia International Records, ina nyimbo kumi zinazochukua kama dakika 40, na kati ya hizo kumi zipo mbili zilizopata umaarufu mkubwa kiasi cha kuzifunika nane zilizobaki. Watu wengi wanaujua wimbo wa wasaliti, yaani Back Stabbers, na wanaujua wimbo wa treni, yaani Love Train, ila hawajui kwamba zote mbili zimetoka kwenye sahani moja, mmoja ukiwa wa pili kutoka mwanzo na mwingine ukiwa wa mwisho kabisa. Naona kutenganishwa huko kumeidhulumu albamu. Mtu akizisikiliza nyimbo zote kwa mpangilio zilivyowekwa, anakuta kwamba zinarudi tena na tena kwenye swali moja zito: mtu aliyekwisha kuumwa na rafiki yake mwenyewe, atawezaje kumpa mwenzake mkono mara nyingine?

Waimbaji wenyewe hawakuwa chipukizi. Eddie Levert na Walter Williams walianza kuimba pamoja wakiwa bado wadogo mjini Canton, katika jimbo la Ohio, na shule yao ya kwanza ya sauti ilikuwa nyimbo za Injili. Mwaka 1958 waliungana na William Powell, Bobby Massey na Bill Isles, wakajiita The Triumphs, kisha The Mascots, na hatimaye wakachukua jina la Eddie O'Jay, mtangazaji wa redio wa Cleveland aliyewashika mkono. Isles alijitoa katikati ya miaka ya 1960, na Massey naye akaondoka kabla kundi halijapata mafanikio yake makubwa, hivyo waliobaki ni watu watatu: Levert, Williams na Powell. Walikuwa wamehangaika kwa miaka 14, wakihama kutoka kampuni moja ya kurekodi kwenda nyingine, na ingawa nyimbo zao kadhaa zilipendwa na wasikilizaji weusi, hakuna hata mmoja uliowahi kuingia katika nyimbo 40 za juu za chati kuu ya Marekani. Walikwisha hata kufanya kazi na watayarishaji Kenneth Gamble na Leon Huff mwishoni mwa miaka ya 1960, katika kampuni ndogo iliyoitwa Neptune, ambayo sahani zake zilisambazwa na Chess ya Chicago. Leonard Chess, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo ya Chess, alipofariki mwezi Oktoba mwaka 1969, Neptune ilipoteza mhimili wake na haikudumu. Gamble na Huff walipoanzisha Philadelphia International mwaka 1971, safari hii wakiwa na kampuni kubwa ya Columbia nyuma yao, wakawarudia wenzao hao wa zamani.

Nayaeleza haya kwa sababu yanasikika katika uimbaji. Levert alikuwa na umri wa miaka 30 albamu ilipotoka, na anapowaonya wasikilizaji juu ya marafiki wanafiki haimbi kama kijana anayerudia hadithi aliyosimuliwa. Sauti yake ni nzito na ina mikwaruzo, sauti ya mtu aliyezoea kuhubiri mbele ya watu wengi, na mara nyingi huachia neno la mwisho la mstari likatike ghafla badala ya kulivuta. Williams ana sauti laini zaidi, iliyonyooka, ambayo huja pale ambapo Levert akiendelea kubana angelichosha sikio. Powell ndiye asiyetajwa sana, lakini ukisikiliza kwa makini zile sehemu ambazo watatu hao wanaimba kwa pamoja, unatambua kwamba pasipo sauti yake wangekuwa waimbaji wawili wanaoshindana, si kundi. Alifariki mwaka 1977 kwa maradhi ya saratani, na kila ninapoisikiliza albamu hii huwa naitafuta kwanza sauti yake.

Albamu ilirekodiwa Sigma Sound, studio ya fundi mitambo Joe Tarsia iliyokuwa katika barabara ya North 12th mjini Philadelphia. Wapigaji ni wale wanamuziki wa studio waliokuja kujulikana kwa jina la MFSB: Earl Young kwenye ngoma, Ronnie Baker kwenye besi, Norman Harris, Roland Chambers na Bobby Eli kwenye magitaa, Larry Washington kwenye tumba, Vince Montana kwenye vibrafoni, pamoja na wapigaji wa fidla na tarumbeta waliokusanywa na Don Renaldo. Ukihesabu watu wote hao utadhani kwamba muziki wao lazima uwe na msongamano. Hauna. Tarsia ameupanga kama mtu anayepanga vyombo kabatini, kila kimoja kinaonekana na hakuna kinachokwaruza kingine. Besi ya Baker iko chini, imeshiba lakini haivumi. Tumba zimewekwa pembeni kidogo, zikisemezana na ngoma za Young, na fidla ziko juu kabisa, mahali ambapo haziwezi kuziziba sauti za waimbaji hata zinapokuwa nyingi. Ni sauti ya watu waliopiga pamoja siku nyingi katika chumba kimoja, wanaojua nani atakwenda wapi kabla hajakwenda.

Wimbo wa kwanza, When the World's at Peace, uliandikwa na Bunny Sigler na Phil Hurtt wakishirikiana na Gamble, na unafungua albamu kwa ndoto. Waimbaji wanaieleza siku ambayo dunia itakuwa na amani, siku ambayo mtu atatembea barabarani bila hofu. Ni wimbo wa zaidi ya dakika tano, wenye gitaa zito na mdundo wa kukaza, na ndoto yake haina utamu wa kubembeleza hata kidogo. Inaimbwa kwa haraka ya mtu anayeona kwamba siku zinapita bure. Vita vya Vietnam vilikuwa bado vinaendelea wakati huo, na msikilizaji wa mwaka 1972 hakuhitaji kuelezwa amani hiyo inakosekana wapi. Niliposikiliza albamu kwa mara ya kwanza niliuona wimbo huu kuwa wa kufungulia mlango tu, nikauruka mara nyingi. Nilikosea. Bila ndoto hiyo, pigo linalofuata halipati pa kutua.

Pigo hilo ni Back Stabbers wenyewe. Unaanza na piano peke yake, vidole vya Huff vikitetemesha sauti za chini mpaka chumba kizima kinakuwa kama anga inayotaka kunyesha. Ngoma na tumba zinaingia, gitaa linatoa sauti fupi fupi zenye wasiwasi, kisha fidla zinapanda na tarumbeta zinajibu, na kwa zaidi ya nusu dakika hakuna mtu aliyefungua kinywa. Watayarishaji wengi wa nyimbo za dakika tatu wasingethubutu kutumia muda wote huo bila mwimbaji. Hapa, kila sekunde ya kusubiri inakufanya utazame nyuma yako. Mpangaji wa ala zote hizo ni Thom Bell, ambaye wakati huo huo alikuwa akizitengenezea The Stylistics nyimbo za mapenzi laini kama hariri, na ustadi ule ule aliokuwa akiutumia kubembeleza ameutumia hapa kutia hofu.

Sauti zinapoingia hatimaye, wa kwanza kusikika ni waitikiaji. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila msikilizaji alitegee masikio yake yote. Kwa desturi ya nyimbo za kupokezana, kiongozi hutangulia na wengine humjibu. Katika wimbo huu kundi ndilo linalotangulia, likisema kwa sauti ya chini jinsi watu wanavyokuchekea usoni, kisha Levert anaingia kuimalizia sentensi kwa kueleza wanachokitaka, yaani nafasi yako. Waitikiaji wamekuwa ule uvumi unaopita barazani kabla mhusika hajaufikia. Wanasikika kama majirani waliojua siku nyingi, na Levert ndiye wa mwisho kupata habari. Sisi tunasema kikulacho ki nguoni mwako, na sidhani nimewahi kusikia methali hiyo ikitafsiriwa katika muziki kwa usahihi kuliko katika sekunde hizo chache, ingawa waandishi wa wimbo huu, Huff pamoja na vijana wawili walioitwa Gene McFadden na John Whitehead, walikuwa na lugha yao na methali zao.

Mashairi yake yanafaa kutazamwa kwa karibu. Hakuna vita ndani yake, hakuna maadui wakubwa. Kuna mwanamume anayeona kwamba marafiki zake wanafika nyumbani kwake mara kwa mara mno, hata nyakati ambazo yeye hayupo, na anaanza kujiuliza wanamfuata nani. Neno la kurudia rudia ziara hizo linaimbwa mara kadhaa mfululizo, likipanda ngazi moja kila mara, mpaka unahisi mlango ukigongwa. Baadaye yanakuja makali marefu yaliyoshikwa kwa ngumi, yakielekezwa mgongoni, na onyo kwamba huenda mwenye kisu ni jirani wa mlango wa pili. Mwishoni waimbaji wanazitaja nyuso zenye tabasamu, wakiukumbuka waziwazi wimbo wa kundi la The Undisputed Truth uliotamba mwaka 1971, na kumbukumbu hiyo inaifanya hofu ya mtu mmoja iwe mazungumzo ya watu wengi. Kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa ni jambo ambalo kila mtu mzima amelipitia, na kwa hiyo wimbo hauhitaji kueleza mengi ili ueleweke.

Nina lawama moja kwa wimbo huu ninaoupenda, na sitaificha. Mwanamke anayezungumziwa ndani yake hana kauli. Anawekwa kama mali inayolindwa mlangoni, na swali la kama yeye mwenyewe anawataka wageni hao au anasumbuliwa nao haliulizwi. Nyimbo nyingi za wakati huo zilikuwa hivyo, najua, lakini waandishi walioweza kuchora wasiwasi kwa undani namna hii wangeweza kumpa mtu huyo hata mstari mmoja.

Wimbo ulipanda hadi nafasi ya 3 katika chati kuu ya Marekani na nafasi ya 1 katika chati ya muziki wa watu weusi, na ukalitoa kundi gizani. Ningeweza kuumaliza uhakiki wa upande wa kwanza hapa hapa, kwa sababu nyimbo tatu zinazofuata hazifikii kimo hicho. Who Am I ndio bora kati yake: wimbo wa taratibu wa zaidi ya dakika tano, ambamo swali la jina lake linapewa nafasi ya kupumua, na ambamo unaweza kusikia jinsi waimbaji hawa walivyolelewa na kwaya, kwa namna wanavyoingia mmoja baada ya mwingine bila kukanyagana. Ukija baada ya Back Stabbers, unasikika kama mtu aliyebaki peke yake baada ya wageni kuondoka. Mr. Lucky ni wimbo wa kujaza nafasi, umepigwa vizuri na kusahaulika vizuri. Time to Get Down haufiki hata dakika tatu, una mdundo wa kuinua watu vitini, na ulifanya vyema ulipotolewa peke yake mwaka 1973, ila haubebi neno lolote ambalo nyimbo nyingine hazijalibeba.

Ukigeuza sahani unakutana na 992 Arguments, na hapa naomba nikae kidogo. Ni wimbo wa wapenzi wanaogombana kila siku mpaka mmoja wao amezihesabu kelele zao na kufika mia tisa tisini na mbili. Hesabu hiyo inachekesha kwa sababu ni kamili mno. Mtu anayehesabu magomvi yake kwa usahihi huo ni mtu ambaye hajasahau hata moja. Levert anauimba kwa uchovu wa kweli, na waitikiaji wanamtupia ile namba kama karani anayesoma daftari. Kisha, karibu katikati ya wimbo wa dakika sita, jambo la ajabu linatokea: waimbaji wanaachia nafasi na kikosi cha MFSB kinaendelea chenyewe. Ngoma za Young haziyumbi, besi inazunguka pale pale, fidla na tarumbeta zinapokezana, na ugomvi wote ule uliokuwa ukisemwa kwa maneno sasa unachezwa. Mwaka mmoja baadaye, katika wimbo wa The Love I Lost wa Harold Melvin & the Blue Notes, Young alipiga ule mdundo wa matoazi pacha (hi-hat) na ngoma ya mguu ambao wengi wanauhesabu kuwa chimbuko la disko. Anayetaka kusikia mguu wa kwanza wa safari hiyo ausikilize wimbo huu kwa spika zinazoweza kubeba besi, asikate njiani maneno yanapokwisha.

Listen to the Clock on the Wall ni wimbo wa taratibu ambao saa ya ukutani imefanywa kuwa mhusika, na uzuri wake mkubwa uko kwa wapigaji. Unaofuata, Shiftless, Shady, Jealous Kind of People, unastahili heshima kuliko inayopewa. Jina lake refu limekusanya lawama zote: wavivu, wajanja wa gizani, wenye wivu. Ni ndugu wa damu wa Back Stabbers, lakini hofu imekwisha na sasa imebaki hasira. Katika Back Stabbers mtu alikuwa bado anabahatisha nani ni nani. Katika huu ameshawajua, na anawataja kwa sifa zao bila kuwaonea haya. Nimesoma mara nyingi kwamba albamu hii ni nyimbo mbili kubwa na mabaki, na wimbo huu ndio unaonifanya nikatae. Watayarishaji wasingeurudia usaliti katika nafasi ya nane kama usaliti usingekuwa jambo walilotaka tuondoke nalo. Sunshine, wimbo wa mapenzi unaofuata, unaleta nafuu, ingawa fidla zake zimepakwa asali kupita kiasi na kwangu ungekuwa mzuri zaidi ukipunguzwa dakika moja.

Baada ya yote hayo ndipo treni inapofika. Love Train, wimbo wa Gamble na Huff uliopangiwa ala na Bobby Martin, unakaribia dakika tatu tu, na tofauti na Back Stabbers haumsubirishi mtu. Ngoma zinagonga, tarumbeta zinaita, na katika muda wa kuvuta pumzi mara mbili tatu watu wote wameshaanza kuimba kiitikio, wakiwaita wanadamu wa dunia nzima washikane mikono. Wanaotajwa kwa majina ni watu wa Uingereza, wa Urusi na wa China, ndugu wa Afrika, kisha watu wa Misri na wa Israeli. Leo orodha hiyo inaweza kuonekana kama ya mtoto anayesoma ramani. Mwaka 1972 haikuwa hivyo. Rais Nixon alikuwa amekwenda Beijing mwezi Februari na Moscow mwezi Mei, na Mmarekani wa kawaida aliyelelewa kuwaogopa watu wa nchi hizo alikuwa ndiyo kwanza anawaona viongozi wao wakipeana mikono na kiongozi wake. Misri na Israeli zilikuwa zimepigana mwaka 1967, na zikapigana tena mwezi Oktoba mwaka 1973, miezi saba tu baada ya wimbo huu kushika nafasi ya 1 katika chati kuu ya Marekani. Waimbaji walichagua kuwapakia kwenye behewa moja wale hasa waliokuwa hawawezi kukaa pamoja.

Wapo wanaouona wimbo huu kuwa mwepesi, na ninawaelewa, kwa sababu wameusikia kwenye matangazo na sherehe mpaka umechakaa masikioni mwao, na kwa sababu wameusikia peke yake. Ninawaomba wausikilize ukiwa wa kumi. Sauti zinazoitikia ndizo zile zile zilizokuwa zikinong'ona habari za wasaliti. Ndizo zilizohesabu magomvi na kuwalaani wenye wivu. Katika Back Stabbers waitikiaji walikuwa wakijua jambo ambalo kiongozi wao halijui. Hapa wanaimba pamoja naye tangu mwanzo, hakuna aliyefichwa kitu, na Levert anapata uhuru wa kupaza sauti juu yao akiwahimiza wanaochelewa wapande. Mtu asiyewahi kusalitiwa akikuambia uwapende watu wote, unaweza kumsikiliza kwa adabu na kuendelea na shughuli zako. Hawa watatu wametumia nusu saa na zaidi kueleza wanavyowajua watu, visu vyao na vicheko vyao, na bado wanauacha mlango wa behewa wazi. Mara ya kwanza niliposikiliza albamu nzima bila kuruka wimbo, nilikuwa nimevaa spika za masikioni usiku, na kiitikio hicho nilichokwisha kukisikia mara mia kilinitoa machozi ambayo sikuyatarajia.

Jambo jingine dogo katika wimbo huo: haumaliziki. Sauti inapungua polepole huku Levert akiendelea kuwaita watu, na unabaki na hisia kwamba treni imepita kituo chako na bado inakwenda kwingine kuchukua wengine.

Kuhusu heshima ilizopata, albamu ilifika nafasi ya 10 katika chati ya albamu za Marekani, kundi likaingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2005, na Love Train ukawekwa katika Grammy Hall of Fame mwaka uliofuata. Haya ni ya kumbukumbu tu; hayamsaidii mtu kuamua kama atoe pesa yake.

Kwa anayetaka kuamua, ushauri wangu ni huu. Albamu inapatikana kwenye santuri, kwenye diski na kwenye huduma za kusikiliza kwa simu, na muziki wake ulipangwa kwa ajili ya santuri yenye pande mbili, kila upande kama dakika 20. Mapumziko ya kuigeuza sahani yana kazi yake, kwani yanamtenganisha yule mtu mwenye hofu wa upande wa kwanza na yule mwenye hasira wa upande wa pili. Anayenunua santuri iliyokwisha kutumika aikague vizuri sehemu ya mwanzo ya Back Stabbers kabla ya kulipa. Mimi niliwahi kununua nakala iliyosifiwa na muuzaji kuwa safi, kumbe ile piano ya mwanzo ilikuwa imejaa mlio wa mikwaruzo kama mafuta yanayokaanga, na wimbo ambao nguvu yake iko kwenye ukimya kabla ya sauti hauvumilii kelele hiyo. Anayesikiliza kwa simu asiache nyimbo zichezwe kwa kuchanganywa, maana mpangilio ndio nusu ya kazi, na kama ana spika ndogo zisizobeba besi, ni heri avae za masikioni, la sivyo atamkosa Baker na atabaki akishangaa watu wanamsifia nini.

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kugusa muziki wa soul wa Philadelphia, ningemwanzishia hapa kabla ya albamu nyingine yoyote ya kundi hili. Kuna wanaoipandisha Ship Ahoy ya mwaka 1973 juu yake, na hoja wanayo: ni albamu iliyothubutu zaidi, ambayo wimbo wake wa jina unasimulia Waafrika waliovushwa bahari utumwani na ambayo ina For the Love of Money, wenye mstari wa besi ambao mtu akiusikia mara moja hausahau. Lakini Ship Ahoy inamtaka msikilizaji aje akiwa tayari, ilhali Back Stabbers inamfuata alipo, kwenye kizingiti cha nyumba yake, ikimuuliza nani aligonga jana. Aimalize hii kwanza, kisha aende kwenye ile, na huko atamkuta tena yule rafiki mnafiki, safari hii katika Don't Call Me Brother, wimbo unaokaribia dakika tisa.